Majengo ya kihistoria ya Bonde la Kilombero

Majengo ya kihistoria ya Bonde la Kilombero ni nyumba za jadi za vijijini, misheni za Kikatoliki na majengo ya reli ya TAZARA yanayopatikana katika bonde la mto Kilombero, Mkoa wa Morogoro, kusini-mashariki mwa Tanzania. Mji mkubwa wa bonde hilo ni Ifakara.

Kwa upande wa usanifu, bonde hilo lina jambo la pekee: mafundi wa asili tatu walijenga humo katika muda usiofikia miaka mia. Wa kwanza ni wenyeji, waliojenga kwa miti, udongo na nyasi. Wa pili ni watawa kutoka Ujerumani na Uswisi, waliojenga makanisa, shule na hospitali kuanzia mwaka 1902. Wa tatu ni Wachina, waliojenga reli pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya miaka 1970 na 1975. Mengi ya majengo hayo bado yanatumika kila siku, na matumizi hayo ndiyo yaliyoyahifadhi zaidi hadi sasa.

## Mazingira na wakazi

Bonde liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hupita katikati, kisha huungana na mto Luwegu na kuwa mto Rufiji. Wakati wa mvua sehemu kubwa ya bonde hufunikwa na maji. Mwaka 2002 ardhi oevu ya Kilombero, yenye eneo la km² 7,967, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Wakazi wa muda mrefu ni pamoja na Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena wa bondeni. Mwaka 1935 Arthur na Geraldine Culwick walichapisha kitabu "Ubena of the Rivers" kuhusu Wabena hao, chenye sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Baadaye walihamia watu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi kwa ajili ya kilimo cha mpunga na miwa, kazi za reli na ufugaji.

Mafuriko, joto na mbu ndiyo mambo matatu ambayo kila mjenzi bondeni amelazimika kuyazingatia, awe fundi wa kijijini, bruda wa misheni au mhandisi wa reli.

## Nyumba za jadi

Nyumba ya jadi ya bondeni hujengwa kwa nguzo za miti zilizochimbiwa ardhini. Fito au mianzi hufungwa kati ya nguzo kwa kamba, kisha ukuta hukandikwa udongo pande zote mbili. Paa huezekwa kwa nyasi na hushuka chini sana ili kukinga ukuta usilowe mvua. Kwa kawaida hubaki uwazi kati ya ukuta na paa, ambao hupitisha hewa na kutoa moshi wa jikoni.

Sehemu inayotambulisha zaidi maisha ya bonde ni dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katika shamba la mpunga. Kwa kuwa mashamba mengi yako mbali na vijiji, familia huhamia huko kwa wiki au miezi wakati wa kilimo ili kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe pori na wanyama wengine. Dungu huwaweka juu ya maji na kuwapa nafasi ya kuona mbali. Nyumba za shambani hazidumu miaka mingi, lakini ujuzi wa kuzijenga hurithiwa.

Tangu miaka ya vijiji vya Ujamaa, na hasa baada ya reli kufika, nyumba za udongo na nyasi zimekuwa zikipisha nyumba za matofali ya kuchoma na mabati. Matanuri ya matofali huonekana katika vijiji vingi kuzunguka Ifakara. Nyumba ya tofali huvumilia mvua zaidi na haihitaji kuezekwa upya mara kwa mara. Hata hivyo bati hushika joto la mchana, uchomaji wa matofali hutumia kuni nyingi, na mashimo ya udongo yanayobaki hujaa maji na kuwa mazalia ya mbu.

Uwazi wa chini ya paa umechunguzwa sana na watafiti wa malaria wa Ifakara, kwa kuwa ndiyo njia kuu inayotumiwa na mbu waenezao ugonjwa huo kuingia ndani usiku. Kuziba uwazi huo na kuweka nyavu madirishani hupunguza mbu, lakini bila mpango mzuri wa hewa nyumba huwa na joto kali. Kwa sababu hiyo usanifu wa nyumba bondeni ni suala la afya pia.

## Misheni na nyumba za watawa

### Maana ya majina

Katika lugha ya kila siku majengo yote ya watawa huitwa "misheni", lakini kuna aina mbalimbali. Monasteri ni makao ya wamonaki, kama vile Wabenedikto, wanaoishi pamoja kwa kudumu chini ya kanuni. Ikiongozwa na abati huitwa abasia. Konventi ni nyumba ya mashirika kama ya Wafransisko, ambao huweza kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo. Misheni ni kituo cha kazi chenye kanisa, nyumba ya mapadre, nyumba ya masista, shule, zahanati na karakana.

Abasia maarufu za Wabenedikto nchini Tanzania ni Peramiho, iliyoanzishwa kama misheni mwaka 1898, na Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906. Bonde la Kilombero lilianza chini ya Wabenedikto haohao, lakini baada ya vita vikuu vya kwanza lilichukua njia nyingine.

### Kwiro na Mahenge

Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Mahali hapo pako juu ya bonde, penye hewa baridi kuliko Ifakara. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na boma lake la kijeshi Mahenge.

Wakati wa vita vya Majimaji, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji Wambunga na Wapogoro walishambulia boma hilo, wakashindwa kwa kuuawa wengi kwa bunduki za rashasha. Katika vita vikuu vya kwanza Mahenge ilikuwa kituo muhimu cha jeshi la Wajerumani hadi ilipotekwa na jeshi la Wabelgiji mwezi Oktoba 1917.

Wabenedikto walikuwa na mabruda mafundi: waashi, maseremala na wahunzi. Utaratibu wao wa ujenzi ulikuwa kufundisha vijana wa mahali kuchoma matofali, kupasua mbao na kujenga kwa pima maji na timazi. Ufundi huo ulienea nje ya misheni na kubaki hata baada ya wao kuondoka.

### Wakapuchini na Ifakara

Baada ya wamisionari Wajerumani kuondolewa na Waingereza, Wakapuchini wa Uswisi walipokea eneo hilo kuanzia mwaka 1921, pamoja na Masista Wafransisko wa Baldegg, nao pia kutoka Uswisi. Kati ya maaskofu wao, aliyeongoza kwa muda mrefu ni Edgar Maranta, aliyesimamia kanisa la Dar es Salaam kuanzia mwaka 1930 hadi 1968. Jimbo la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na Jimbo la Ifakara lilitengwa nalo mwaka 2012. Kanisa kuu la Ifakara limewekwa chini ya jina la Mtakatifu Andrea.

Huko Ifakara kazi ya watawa ilielekea zaidi kwenye tiba. Zahanati ya misheni ilikua na kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Karibu nayo kulikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoitwa Nazareti. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa zoolojia kutoka Basel, alianzisha hapo maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961 kilifuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini.

Mpango wa majengo ya aina hiyo katika nchi za joto hutofautiana na ule wa Ulaya. Badala ya jengo moja kubwa hujengwa mabanda kadhaa marefu yenye nafasi kati yake, yanayounganishwa kwa njia zenye paa. Baraza hukinga kuta dhidi ya jua, madirisha hutazamana ili upepo upite, na miti mikubwa hupandwa uani. Anayetoka kanisani kuelekea hospitali na maabara mjini Ifakara huweza kuona jinsi misheni moja ilivyopanuka na kuwa sehemu ya mji.

## Majengo ya reli ya TAZARA

### Ujenzi

Makubaliano ya kujenga reli kati ya Tanzania, Zambia na China yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa rasmi mwezi Oktoba 1970, reli ilikamilika mwaka 1975, na ilikabidhiwa kwa serikali mbili mwezi Julai 1976. Urefu wake ni km 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kati ya hizo km 975 ziko Tanzania. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Zaidi ya wafanyakazi 60 Wachina walifariki wakati wa kazi hiyo. Wengi wa waliofariki upande wa Tanzania wamezikwa katika makaburi ya wataalamu wa China nje ya jiji la Dar es Salaam.

Bondeni reli hufuata mguu wa milima ya Udzungwa, juu kidogo ya eneo la mafuriko. Vituo vyake ni pamoja na Msolwa, Mang'ula, Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba. Mang'ula ilikuwa kambi kuu ya ujenzi yenye karakana. Kuanzia Mlimba njia hupanda kuelekea Makambako. Sehemu hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote: ina mahandaki mengi, na daraja la mto Mpanga lina nguzo zenye urefu wa takriban mita 50.

### Sura ya majengo

Anayetarajia mapaa yaliyopinda na nguzo nyekundu, kama katika picha za mahekalu ya China, hatayakuta. Vituo vya TAZARA ni vya usanifu wa kisasa wa miaka ya 1970: mistari iliyonyooka, kuta zilizopigwa plasta, vibaraza vya zege na madirisha mengi. Vituo vya mwisho, Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi, vina kumbi kubwa na ndefu kwenda juu. Vituo vya bondeni ni vidogo na vimepangwa kwa utaratibu unaofanana: chumba cha kungojea, dirisha la tiketi, ofisi ya mkuu wa kituo na ya mawasiliano, na nyumba za wafanyakazi kando yake. Mlimba ni kikubwa kuliko vingi kwa sababu kina karakana ya injini.

Kufanana huko kulikuwa na sababu. Ramani moja iliyorudiwa ilirahisisha kazi kwa mafundi wa nchi tatu waliokuwa na lugha mbalimbali. Mataruma ya zege yalichaguliwa badala ya mbao, ambazo huliwa na mchwa.

Vituo vilibadilisha pia sura ya vijiji. Wakati wa vijiji vya Ujamaa watu wengi walihamishiwa karibu na reli. Masoko, maghala ya mpunga na nyumba za wageni vilijengwa kuzunguka vituo, hivyo vijiji vingi vya leo vimejipanga kufuata reli kuliko kufuata mto kama zamani.

## Ulinganisho na vijiji na monasteri za China

Mafundi wa TAZARA walitoka katika nchi yenye mapokeo marefu ya ujenzi wa mbao. Ukumbi wa hekalu la Nanchan, mkoani Shanxi, ulijengwa mwaka 782, na ukumbi wa mashariki wa monasteri ya Foguang, katika mkoa huohuo, mwaka 857. Umri wa ukumbi huo wa pili ulitambuliwa mwaka 1937 na wasanifu Liang Sicheng na Lin Huiyin, waliosafiri vijijini kupima na kuchora majengo ya kale kabla hayajapotea. Foguang ni sehemu ya mlima Wutai, ulioandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2009. Vijiji vya Xidi na Hongcun, mkoani Anhui, viliandikishwa mwaka 2000, na majumba ya ukoo ya Fujian yaitwayo tulou mwaka 2008.

Tulou hujengwa kwa udongo ulioshindiliwa, na jengo moja huweza kukaliwa na ukoo mzima. Hivyo udongo, ambao bondeni Kilombero mara nyingi huhesabiwa kuwa dalili ya umaskini, ndio uliotumika kwa majengo ambayo leo watu husafiri kutoka mbali kuyaona.

Reli ya TAZARA ilijengwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China (1966-1976), ambapo mahekalu na monasteri nyingi nchini humo zilifungwa au kuharibiwa. Si ajabu basi kwamba vituo vyake havina mapambo ya kidini wala ya kifalme. Wakati uleule watawa wa Uswisi waliendelea na kazi yao Ifakara, mwendo mfupi kutoka kwenye kituo cha reli.

## Hifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa na waziri husika. Misheni zote za bondeni na reli nzima ni za baada ya mwaka huo, na nyumba za udongo hazifikishi umri huo kutokana na namna zilivyojengwa. Kwa hiyo hatima ya majengo hayo iko hasa mikononi mwa wenyewe: majimbo ya Kanisa, Mamlaka ya TAZARA na familia.

Kila kundi lina shida yake:

* Nyumba za jadi hazihitaji kubaki zilivyo ili kukumbukwa, lakini mafundi wanaojua kuezeka kwa nyasi na kufunga fito wanazidi kuzeeka, na vijana hujifunza tofali na bati.
* Makanisa ya zamani mara nyingi hayatoshi waumini, hivyo huongezwa au hubomolewa ili kujenga makubwa zaidi. Vigae na mbao za zamani vikitolewa ni vigumu kupata vingine vya namna ileile.
* Vituo vya reli viliharibika kadiri usafiri wa treni ulivyopungua. Mwezi Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing kutiwa saini kwa makubaliano ya kufufua reli hiyo.

Ufufuaji huo ni nafasi na hatari pia. Kituo kisicho na treni huanguka chenyewe; kituo kinachokarabatiwa bila kupimwa na kupigwa picha kwanza huweza kupoteza sura yake ya mwanzo kwa siku chache. Kupima, kuchora na kupiga picha, kama walivyofanya wasanifu wa China mwaka 1937, hakuhitaji fedha nyingi na huweza kufanywa na wanafunzi wa shule na vyuo.

## Kutembelea

Njia inayoonyesha mengi zaidi ni treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam. Hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, huingia bondeni, hufika Ifakara, kisha huendelea hadi Mlimba na kupanda Makambako. Ratiba hubadilika na treni huweza kuchelewa, hivyo inafaa kuuliza kituoni kabla ya safari. Kwa basi, njia ni kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu.

Kutoka Ifakara kwenda Mahenge na Kwiro mto huvukwa kwa Daraja la Magufuli, lililochukua nafasi ya kivuko. Mang'ula kuna lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, na wengi huunganisha ziara ya msitu na ya majengo. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu. Wakati wa masika barabara za ndani huweza kukatika.

Misheni na hospitali ni mahali pa sala na tiba, hivyo mgeni hujitambulisha kwanza kwa paroko, masista au uongozi. Wodi na wagonjwa hawapigwi picha. Kwenye vituo na madaraja ya reli huombwa ruhusa kwa mkuu wa kituo. Kijijini mgeni hupitia ofisi ya serikali ya kijiji, na nyumba ya mtu haipigwi picha wala haipimwi bila idhini ya mwenye nyumba.

## Tazama pia

* Ifakara
* Mto Kilombero
* Mahenge
* TAZARA
* Vita vya Majimaji
* Wabenedikto
* Wakapuchini
* Wandamba